YAH: MALALAMIKO KUHUSU KITO CHANGU CHA FEDHA NA MATUSI NILIYOPEWA KAUNTANI KWENU

Kwa Meneja,

Salaam. Nilileta dukani kwenu kito changu cha Freemason kibadilishiwe pini iliyokatika. Stakabadhi yenu imeandikwa "pini tu", na masharti yenu kuhusu mali ya mteja unayajua.

Nilipokuja kukichukua, kijana wa kaunta alikiinua juu, duka limejaa, akapaza sauti: "Mwenye kitu cha Freemason ni nani? Njoo uchukue damu yako!" Mama mmoja akamvuta mwanawe mbali nami.

Damu ipi? Kile ni skwea ya mwashi, kifaa cha kupimia pembe, na ndani yake kinaning'inia kibamba chenye kanuni ya Pythagoras wanayoichora watoto wa sekondari. Ni alama ya aliyewahi kuwa Mkuu wa lodge, yaani tawi la Freemason, kwa mtindo uliowekwa Uingereza baada ya lodge kuu mbili kuungana mwaka 1813. Skwea ni uadilifu. Msaidizi wa kwanza wa Mkuu huvaa pimamaji, yaani watu wote ni sawa. Wa pili huvaa timazi, yaani unyofu. Vifaa vya ujenzi, bwana Meneja!

Nacho kilikuwa na mihuri ya kuthibitisha fedha na aliyekitengeneza: simba anayetembea, kichwa cha chui cha London, herufi ya mwaka, na TH ya Thomas Harper, sonara wa Fleet Street aliyefariki 1832. Mmekipitisha kwenye mashine ya kung'arisha bila kuniuliza. TH imebaki kivuli, herufi ya mwaka haipo tena. Weusi uliokuwa juu yake haukuwa uchafu, ulikuwa umri wake. Siku ya kukileta nilimwambia fundi asiguse uso wake, akaitikia, "Sawa, mzee."

Msimamizi wenu ananiambia kwa simu eti kijana alikuwa anatania. Utani gani? Kito kiko juu mkononi, watu wote wanageuka, "njoo uchukue damu yako", mama anamficha mtoto nyuma ya kanga kana kwamba mimi ni mla watu! Na msimamizi huyohuyo alikuwa amesimama pale, akicheka.

Nilikusudia kudai radhi na fedha ya pini, basi. Sasa nataka radhi ya maandishi yenye sahihi yako, na fidia ya thamani yote iliyopotea, atakayoikadiria mthamini nitakayemchagua mimi. Nawapa siku saba. Zikipita nakwenda Tume ya Ushindani, kisha mahakamani, na picha za kito cha kabla na cha sasa nitaziweka hadharani pamoja na jina la duka lenu.

Mteja wenu,
Dar es Salaam