Msiifungie bendi ya shule stoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa moyoni tangu shule zilipofungwa. Nafundisha Hisabati katika sekondari moja ya bweni mkoani Tanga, na mwaka huu wote nimekuwa mlezi wa bendi ya shule na pia wa serikali ya wanafunzi. Nilipokabidhiwa majukumu hayo Januari, wenzangu ofisini walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Kabla muhula wa kwanza haujaisha nilishatambua kuwa ile ni kazi moja. Nawaomba wakuu wa shule, wajumbe wa bodi na wazazi wanisikilize: bendi waachiwe viongozi waliochaguliwa na wanafunzi wenyewe, na isifungiwe stoo kila mitihani inapokaribia.

Bendi yetu si kubwa. Ina tarumbeta 6, tromboni 2, besi moja, ngoma kubwa moja na ndogo 4, vyote msaada wa wanafunzi waliosoma hapo zamani. Tulivikuta vimejaa vumbi. Vali za tarumbeta zilikuwa zimeganda, vijana wakazilegeza kwa mafuta ya cherehani. Tromboni moja ilikuwa inavuja hewa kwenye kona, na kiranja wa bendi, binti wa kidato cha tatu, akaomba ruhusa akaipeleka mjini kwa fundi wa rejeta. Yule fundi aliigeuza huku na huku, akaijaza maji kutafuta tundu, akaliziba kwa risasi kama anavyoziba rejeta za malori, akatoza shilingi 5,000. Ngoma kubwa iliyokuwa imepasuka ikawambwa ngozi ya ng'ombe. Mlio wake sasa ni mzito kuliko wa plastiki, na nisingependa mtu aubadilishe.

Pesa hiyo haikutoka kwa mhasibu wa shule. Tangu 2016 Serikali imebeba ada ya sekondari hadi kidato cha nne, jambo ambalo sisi walimu tunalishukuru kwa dhati, lakini ruzuku inayofika shuleni ina kazi zake na ngoma haimo. Serikali ya wanafunzi ndiyo iliyoamua kwamba bendi ikialikwa kwenye mahafali ya shule jirani au harusi, malipo yote yaandikwe kwenye kaunta buku, mbele ya mashahidi wawili, na matumizi yasomwe kwenye baraza. Kuna mzazi alikuja kuniambia hakumleta mwanawe shule apulize tarumbeta. Sikubishana naye, nilimpa ile kaunta buku. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akataka kujua hiyo 5,000 ya rejeta ni ya nini. Tukaongea vizuri.

Mwezi Machi ukazuka mzozo. Kiranja wa taaluma alisimama kwenye baraza akasema ngoma zinalia wakati watu wanajisomea, na kwamba wapigaji wenyewe wanashuka kwenye majaribio. Ukumbi ukachafuka. Nilikaa nyuma, sikutia neno, na wawakilishi wa madarasa wakabishana jioni mbili mfululizo. Walichokubaliana ni hiki: mazoezi yahamie kiwanja cha chini, kule karibu na mkonge, kuanzia saa 10:30 hadi saa 11:45 jioni, Ijumaa pasiwe na mazoezi, na yeyote atakayeshuka kwenye jaribio la katikati ya muhula akabidhi chombo kwa mwenzake mpaka apande tena. Kipengele hicho cha mwisho, kikali kuliko vyote, kilitolewa na mpiga tarumbeta. Kilitekelezwa. Kijana wa besi alikaa nje muhula mzima, kila jioni akaja kuangalia, na hakuna mwalimu aliyelazimika kumfokea.

Niseme na la somo langu. Safu ya watu 4 ikigeuka kona, wa ndani anakanyaga palepale huku wa nje akirefusha hatua, la sivyo mstari unapinda. Wote wanamaliza kona kwa mapigo yaleyale ya ngoma ingawa kila mmoja ametembea umbali wake. Nilipofika mada ya duara kidato cha tatu niliwatoa nje ya darasa, bendi ikageuka kona mara kadhaa, wengine wakapima kwa kamba nusu kipenyo cha kila mmoja na urefu wa tao alilotembea. Wanafunzi waliokuwa wanaogopa kanuni ya urefu wa tao sasa wanaieleza kwa miguu.

Aprili 26, sikukuu ya Muungano, walitembea mbele ya wananchi bila kuvunja safu. Julai wakachagua serikali mpya. Majina mawili ya wagombea yalikatwa ofisini bila maelezo, jambo lililowauma, lakini kampeni ziliendelea na sera zilinadiwa paredini kwa adabu.

Kisha Agosti kidato cha nne wakaingia kambi ya kitaaluma, na tangazo likabandikwa ubaoni: bendi imesitishwa mpaka mitihani ya Novemba iishe, ufunguo wa stoo urejeshwe ofisini. Viongozi waliochaguliwa wiki chache tu nyuma hawakuulizwa. Hawakuitwa hata kuambiwa. Kaka mkuu mpya na dada mkuu mpya waliapishwa bila hata ngoma moja, na makubaliano ya Machi, yaliyokuwa na jibu la hofu hiyohiyo ya ufaulu, yakawa karatasi tu.

Katika bendi nzima wa kidato cha nne walikuwa 4. Waliobaki walinyang'anywa saa moja na robo ya jioni ambayo sikuona ikigeuka kuwa ya kusoma. Niliwakuta wamelala mabwenini au wamekaa kwenye uzio. Kaunta buku haikuandikwa tena. Na kwenye baraza la Septemba, ukumbi uliokuwa ukichafuka kwa hoja ulikaa kimya, maana kila mtu alishajua maamuzi yanafanyika kwingine. Hilo ndilo linaloniuma kuliko tarumbeta.

Hapa Tanga tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Vyama vya beni (ngoma za kuiga bendi za kijeshi), Marini na Arinoti, vilishindana kwenye mji huu tangu zama za Mjerumani kwa ngoma, sare na gwaride. Kila chama kilikuwa na viongozi wenye vyeo, mfuko wa michango na kanuni zake, na wanachama walisaidiana kwenye shida na kuzikana. Watu wale hawakuwa na mlezi wa kuwashikia ufunguo. Na sasa mitaala mipya iliyoanza 2024 imefungua mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, sanaa ikiwemo, kwa hiyo siyo tena suala la kusema muziki ni wa kupotezea muda.

Shule zikifunguliwa Januari, naomba ufunguo wa stoo urudi kwa kiranja wa bendi, na tangazo lolote linalogusa bendi lipite kwanza kwenye baraza la wanafunzi. Wa kidato cha nne wakitaka kupumzika kuanzia Agosti, wapumzike, na wenzao wa chini wapokee vyombo kama makubaliano yanavyosema. Mkuu wa shule akitaka mtu mzima wa kuwajibika chombo kikipotea, orodha nitasaini mimi.

Mwalimu wa Hisabati,
Tanga
(Jina langu analo mhariri)