Moshi mweupe si lazima dizeli ichakachuliwe

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika kwamba mashine za kusaga vijijini zinatoa moshi mweupe kwa sababu ya dizeli iliyochakachuliwa. Huenda kwake ni hivyo. Yangu, injini ya S195 ya Kichina ya hospawa 12 ninayosagia mahindi hapa Kibaigwa, ilifuka miezi miwili na dizeli haikuwa na kosa.

Fundi alikuja kubadilisha pampu ya dizeli. Akaifunga, akawasha, akatega sikio, akasema, "Imekaa, mzee." Haikukaa. Asubuhi vijana walizungusha hendeli kwa kupokezana, na mahindi yakiwa na unyevu kidogo tu inataka kuzima. Fundi wa pili akaniambia ninunue pistoni na ringi. Nikaanza kuhesabu mbuzi.

Kumbe ni shimu, vile vibati vyembamba vinavyokaa chini ya pampu. Ukiongeza, dizeli inachelewa kuingia kwenye injini, haiungui vizuri, ndiyo moshi mweupe; ukipunguza, inawahi. Yule wa kwanza alifunga vya zamani pamoja na vilivyokuja na pampu mpya.

Niliyagundua haya mwenyewe, bila kifaa cha maana. Nilifungua paipu ya nozeli kule kwenye pampu, nikaweka mkono wa mafuta kama mashine inatembea, nikazungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, mpaka dizeli ikajaa mdomoni mwa pampu. Nikapangusa kwa kidole, kisha nikazungusha polepole sana. Dizeli ilipotikisika tu, nikasimama, maana hapo ndipo pampu inaanza kusukuma. (Ukipitiliza, rudi nyuma mbali uanze upya, meno ya gia yana nafasi, yatakudanganya.) Nikaazima utepe wa cherehani wa mke wangu, nikagawa mzingo wa flaiwili kwa 360 kupata urefu wa nyuzi (digrii) moja, nikapima kutoka hapo hadi alama ya pistoni kufika juu. S195 inataka nyuzi 16 hadi 20 kabla ya pistoni kufika juu. Yangu ilikuwa 11. Nikatoa vibati, nikapima tena, ikaja 18. Kesho yake iliwaka kwa mzungusho mmoja.

Kwa mizunguko 2000 kwa dakika, nyuzi 18 zinapita kwa milisekunde 1.5. Sikio gani la fundi linapima hapo?

Ombi langu ni kwa wauza spea: kwenye boksi la pampu tieni karatasi moja ya Kiswahili yenye namba hiyo ya nyuzi 16 hadi 20 na habari ya vibati. Ile iliyokuja na yangu ni ya Kichina mbele na nyuma.

Msaga unga,
Kibaigwa, Dodoma