Ile mashine ya Mzee

Moshi, Jumapili jioni, Julai

Meku,

Shikamoo ya utani, salamu za kweli. Habari za Kijenge, habari za shemeji, habari za yule mwanao anayekula kama anahama kesho? Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu imetukalia kooni, mlima haujafunuka wiki ya pili sasa, na Mama Eli anasema ukimwona mtu anapita mjini bila sweta basi ni mgeni au amekunywa.

Najua unashangaa kupata barua. Tangu Pasaka nakujibu kwa dole gumba tu, na wewe si mtoto, umeshanusa kitu. Kwa simu nisingeweza. Ungesikia nilivyovuta pumzi ungeuliza, "Betri, umefanya nini?" nami ningesema mtandao unasumbua. Kwa hiyo bahasha hii nampa dereva wa Noah, na ukiifungua nitakuwa kilomita 80 kutoka mkono wako ulipo.

Mengine kwanza. Mchango wa harusi ya Himo nimekutolea, kiasi tutaongea ukija. Bwana Saa bado anadai kile kiti. Kaka mkubwa amekubali kuuza ng'ombe, halafu amekataa, halafu nasikia jana amekubali tena. Hayo mengine yameisha.

Ile kompyuta ya Mzee nimeiunguza.

Nimenyanyuka nikachukua chai, nimerudi, sentensi bado ipo palepale.

Haikufa yote, nafikiri, na nitakueleza. Ilikuwa Jumamosi ile ya kuamkia Pasaka. Dogo wa Mama Eli alikuja kibandani na wenzake wawili, wote macho kwenye simu, wanapigana bunduki na watu wasiowajua. Nikaona niwafunze. Nikasema njooni muone sisi tulicheza nini. Sifa tu, Meku, hakuna jina lingine. TV ya chogo ninayo, lile la inchi 14 nililookota Memorial kwa bei ya nyanya, maana tangu analogia izimwe mwaka 2013 hakuna anayelitaka, na Spectrum, ndiyo hiyo kompyuta ya Mzee, haijali hayo: inarusha picha yake yenyewe, unatafuta chaneli ya 36, basi. Kilichokosekana ni adapta. Nikachukua ya ruta. Volti 9, sawa. Plagi ikaingia kama imezaliwa humo.

Sikuangalia kale kaduara. Wewe si fundi, nikueleze: kwenye kila adapta kuna kaduara kadogo kanakoonyesha katikati ni chanya au hasi. Ruta nyingi katikati ni chanya. Mashine ya Sinclair, hao walioitengeneza Spectrum, katikati ni hasi. Na waliokuwa wakiitengeneza kule Uingereza hawakuweka hata dayodi moja, kale kapitisha umeme upande mmoja tu, ya kumzuia mpumbavu. Mimi ndiye ninayewafokea vijana kila siku, angalia kaduara, angalia kaduara! Sekunde tatu. Harufu ikatoka kama kitunguu kilichosahauliwa kikaangoni. Dogo akanyoosha shingo akauliza, "Anko, ndo imeshaanza?"

Sasa, adapta yake ya asili, lile tofali jeusi zito, si lilibaki kwako wakati unahama? Sisemi ni kosa lako. Ila mtu akikupa farasi akabaki na hatamu... Basi, niache. Kosa ni langu.

Kinachonikera ni kwamba najua ile mashine ilifikaje nyumbani kwenu na Mzee aliilindaje. Daktari Mzungu wa KCMC alipomaliza mkataba alimwachia Mzee vitu vitatu: deki, mbwa, na ile Spectrum. Mbwa alikufa kwanza. Tulikuwa na miaka kumi na moja, mwaka 1987, watu wangali wakizungumzia foleni za sukari, na Mzee akawa anafunga mlango na pazia kabla ya kuiwasha. Tulidhani anatuogopesha. Kumbe alikuwa na hoja: kompyuta zilipigwa marufuku kuingizwa nchini tangu 1974, na bara hatukuwa na stesheni hata moja ya televisheni hadi 1994. Wazanzibari wakitazama picha za rangi tangu miaka ya sabini, sisi huku TV yenu ilikuwa samani ya kuwekea vitambaa vya kufuma. Mzee aliamini kabisa polisi wanaweza kuvuka Rau kuja kukamata kibodi chenye vitufe vya raba.

Na bado alitufundisha. Unakumbuka herufi zilivyotoa maneno mazima? Ukibonyeza P inaandika PRINT yenyewe, ukibonyeza J inaandika LOAD. Wewe uliandika jina lako lijirudie bila mwisho, likajaza kioo, chini pakatokea lile swali, scroll? Mashine inauliza iendelee kusogeza juu au iache. Mzee akabonyeza N. Programu ikasimama. Akabonyeza tena, ikasimama. Wiki nzima akaamini mashine ni mbovu, mpaka dada yako aliposema, "Baba, N yao ni No, siyo Ndiyo." Kila nikikumbuka hilo nacheka, halafu nakumbuka harufu ya kitunguu.

Kuhusu Manic Miner sina la kukuambia usilolijua. Ila Dogo nilimsimulia wakati tunasubiri mashine ipoe (nilijidai inapoa): mchimbaji mmoja, mapango ishirini, funguo zinazometameta, na hewa inayopungua pale chini huku ule wimbo unajirudia mpaka mama zetu wanafoka. Gemu ya 1983, ya kijana mmoja wa Uingereza aitwaye Matthew Smith. Siku hizi tungemwita yule mchimbaji mwanaapolo, tumpeleke Mererani. Wewe ulifika pango la ngapi? Mimi la tisa, na siku hiyohiyo niliyofika la tisa umeme ulikatika. Sijawahi kusamehe.

Sasa ugonjwa wenyewe. Nimebadilisha transista moja na kapasita tatu zilizokuwa zimevimba, hiyo naomba uihesabu kama huduma ya kwanza, siyo upasuaji. Nikatengeneza waya wenye kaduara sahihi, nikapima mara tatu kwa mita, nikawasha nikiwa nimesimama mbali kama mtu anayewasha baruti. Picha ikaja! Siyo ile nyeupe yenye jina la Sinclair na 1982 chini, hapana. Milia ya wima. Lakini milia ni habari njema, nisikilize. Kumbukumbu ya mashine ni kilobaiti 48, na 16 za chini zimekaa kwenye chipu nane ndogo, kila moja inabeba biti moja kati ya nane za kila baiti. Picha yote ya kioo inachorwa kutoka humohumo. Kwa hiyo chipu moja ikifa, inakosekana nukta moja katika kila nukta nane, kioo kizima, kama jino lililong'oka kwenye kila kitana. Mimi naona mstari unarudi mahali palepale. Nafikiri ni chipu moja, labda mbili, siyo nane.

Zile 32 za juu zinaonekana salama, na hapo kuna kituko. Zile chipu za juu kiasili zilikuwa kubwa zaidi, lakini nusu yake ni mbovu. Sinclair alikuwa akizinunua makusudi kwa bei ya chini, akitumia ile nusu nzima. Ni kama kwenda Mbuyuni ukachukua ndizi zilizoharibika upande mmoja, ukapika mtori, na mgeni asijue. Miaka arobaini baadaye nusu hiyo bado inafanya kazi, na mimi mwenye diploma nimeua ile iliyokuwa nzima.

Hizo za chini ni za aina ya 4116. Zinadai umeme wa aina tatu kwa wakati mmoja, volti 12, volti 5, na hasi 5, na ile hasi ikipotea zinajiua zenyewe. Nimezunguka Double Road yote, hakuna. Zipo za kuagiza, za zamani, zilizotolewa kwenye mashine nyingine zilizokufa. Au kuna kibao kidogo cha kisasa unachochomeka badala ya zote nane, hakipati joto, hakihitaji zile volti tatu, unamaliza kazi mchana mmoja. Na hapa ndipo nimekwama kwa miezi mitatu, na ndiyo sababu halisi ya barua, siyo maungamo.

Kwa sababu nikiweka hicho kipya, itafanya kazi, labda vizuri kuliko zamani. Lakini itakuwa ya Mzee? Nimeshabadilisha panga mpini nikaendelea kuliita panga la babu, najua. Ila panga siyo hii. Vilevile ningeweza kukata ule mtambo wa chaneli 36 nikatoa picha kwa waya wa kawaida kwenye TV bapa, wengi wanafanya hivyo, picha inakuwa safi kama maji ya Njoro. Halafu hakuna tena kuzungusha kitufe kutafuta chaneli, hakuna chenga, hakuna Mzee akisema "hapo hapo, usiguse". Mimi moyo wangu unataka chipu za zamani na chogo. Akili yangu ya ufundi inasema mpumbavu wewe, weka kipya. Mashine ni ya kwenu. Sitagusa tena mpaka uniambie.

Dogo, kwa upande wake, alinitazama wiki mbili nikihangaika, halafu akanionyesha simu. Amepakua programu inayoiga Spectrum nzima, na gemu chungu nzima humo. Manic Miner inafunguka kabla hujameza mate. Nikamwambia siyo yenyewe. Akauliza kwa nini. Nikashindwa kujibu vizuri, nikasema tulikuwa tunasubiri dakika tano, kaseti inalia kama nyigu kwenye debe, pembeni milia myekundu na ya samawati, halafu ya bluu na njano, na dakika ya nne inaandika kosa la utepe, unarudisha kwa kalamu, unaanza upya. Akasema, "Kwa hiyo mlikuwa mnapenda kusubiri?" Nikamfukuza. Lakini swali limebaki, si uongo.

Halafu huyohuyo Dogo ndiye atakayetuokoa kwenye jambo la pili. Ile kaseti ya Mzee ya hesabu za kahawa, yenye kwaya upande wa pili, unayo? Ile programu aliyoiandika mwenyewe ya kujumlisha kilo za msimu, iliyomchukua usiku mzima kujumlisha alichokuwa amekwisha kujumlisha kwa kalamu. Utepe huo una umri wa watoto wetu na zaidi. Usiicheze! Kwenye redio yako ya jikoni hasa, maana ile inatafuna. Mimi nitaipitisha mara moja tu, redio ambayo nimesafisha hedi na kuisawazisha kwa bisibisi, huku kompyuta inarekodi sauti. Sauti hiyo ndiyo programu yenyewe, si zaidi ya kelele. Dogo anasema simu yake inaweza kuisoma. Hata mashine isipopona, hesabu ya Mzee itakuwapo. Picha moja ya simu ya Dogo, megabaiti 3 hivi, inazidi kumbukumbu yote ya ile mashine mara sitini, kwa hiyo nafasi haitakosekana.

Basi nijibu, na usinijibu kwa dole gumba. Umekasirika kiasi gani, cha kunifuata Moshi au cha kununa tu? Chipu za zamani au kibao kipya? Nikate ule mtambo wa picha au nisiguse? Lile tofali la adapta liko kwenye sanduku la bati la Mzee au shemeji alishalitupa? Lina plagi ya miguu mitatu, limeandikwa Sinclair juu, usilichomeke popote. Kaseti iko wapi? Kwaya ya upande wa pili ni ya kwetu au ya Kibosho? Dada yako anakuja lini likizo, maana ndiye pekee aliyefika pango la kumi na nne, na hajawahi kutuambia alivyoruka pale? Na ng'ombe, kwa maoni yako, kaka auze au asiuze?

Dereva anaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, anashukia pale Kilombero. Ukiwa na vitu mpe arudi navyo, ila vifunge kwenye nguo, siyo kwenye gazeti.

Ndimi,
Betri

N.B. Mama hajui. Nilimwambia iko kwangu inasafishwa. Usimwambie wewe, nitamwambia mwenyewe siku ikiwaka.