Malalamiko kuhusu bangili iliyoonyesha baba yupo nyumbani wakati amepotea

Iyunga, Mbeya
4 Agosti 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja
Ofisi Kuu, Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

YAH: BANGILI YA KUFUATILIA MGONJWA KUTOA TAARIFA ISIYO KWELI, TAREHE 12 JULAI 2025

Mimi ni mteja wenu tangu Februari mwaka huu. Nilinunua bangili kwa wakala wenu wa hapa Mbeya kwa shilingi 185,000, na kila mwezi nalipa shilingi 15,000 za huduma. Sijawahi kuchelewesha hata mwezi mmoja, na ujumbe wa kila malipo ninao kwenye simu. Anayeivaa ni baba yangu mzazi. Ana miaka 78 na daktari alishatuthibitishia kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ule wanaouita dimensia.

Jumamosi ya tarehe 12 Julai baba alitoka nyumbani alfajiri, tukaja kumpata saa 7 mchana. Muda wote huo programu yenu ya kwenye simu ilinionyesha kitone cha kijani juu ya paa la nyumba yetu, na chini yake maneno "Yupo nyumbani". Hilo ndilo ninalolalamikia. Kifaa kupoteza mtandao naweza kulielewa, milima yetu naijua. Ila kifaa chenu hakikujua baba yuko wapi, kikaniambia kinajua, na mimi nikakiamini.

Naomba mnivumilie nieleze kidogo habari za baba, maana bila hizo hamtaona uzito wa jambo hili. Baba alikuwa fundi wa njia ya treni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Aliingia kijana wakati reli bado inajengwa, akaiona ikikabidhiwa mwaka 1976, akaendelea nayo hadi kustaafu. Kazi yake ilikuwa kutembea kwa miguu juu ya mataruma akikagua misumari na viungo vya reli. Kwa ugonjwa huu, kitu cha mwisho kumtoka kitakuwa hicho, kwa sababu mpaka leo hakijatoka. Jina langu analisahau. Muda wa kuingia zamu hausahau. Wengi hudhani wagonjwa wa namna hii huzurura ovyo. Baba hazururi, anakwenda kazini. Akiamka gizani anatafuta viatu vyake, anavifuta vumbi kwa kitambaa, anafunga kamba vizuri kuliko mimi, anaondoka.

Majirani walinishauri nimfungie kwa kufuli. Wengine walisema karogwa, wengine wakasema ni uzee tu. Kumfungia sikuweza. Baba aliyetembea maisha yake yote nimtie ndani kama mbuzi? Niliposikia tangazo lenu redioni nikaona hapa ndipo pa kukimbilia: atatembea, nami nitajua alipo. Nilimweleza siku ambayo kichwa chake kilikuwa kimetulia. Akaigeuza bangili mkononi, akasema, "Kama ni saa ya kazini, nitaivaa." Alikubali mwenyewe. Hilo kwangu ni zito, maana aliyeweka mkono wake ni mtu mzima na akili zake, na aliuweka kwa sababu mimi nilimwambia kitu hiki kitamlinda.

Sasa siku yenyewe. Niliamka saa 11:20 alfajiri nikakuta mlango uko wazi na kitanda kimeshapoa. Julai Mbeya mnaijua au mmeisikia, alfajiri ile baridi inashuka chini ya nyuzi 10. Nikafungua programu yenu. Yupo nyumbani. Nikashukuru Mungu, nikajua yuko uani au chooni. Hakuwepo. Nikafungua tena. Yupo nyumbani.

Kwa hiyo tulimtafuta nyumbani. Tulizunguka shamba la mahindi makavu nyuma ya nyumba, mstari kwa mstari. Tuliingia kwenye jengo la jirani ambalo halijaezekwa. Kaka yangu alishuka kwenye korongo na tochi. Tuliinua hadi mfuniko wa tenki la maji la chini, mimi nimeshika tochi, mdogo wangu amelala kifudifudi anachungulia, na hakuna aliyethubutu kusema tunatafuta nini mle. Vijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu walikuja kabla ya saa 1, watu sita, wakaniuliza waelekee wapi. Nikawaonyesha simu. Nikawaambia hayuko mbali, tazameni, yuko hapahapa. Mimi mwenyewe niliwazuia wasiende mbali.

Niliwapigia nyinyi simu mara ya kwanza saa 12:05. Sauti ya kurekodiwa ilisema huduma inaanza saa 3 asubuhi. Saa 3 kamili nikapiga tena, nikasubiri dakika 22. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, simlaumu. Aliangalia kwenye mfumo wake akanijibu kwamba mgonjwa yupo nyumbani. Kumbe hata nyinyi mnaona kitone kilekile ninachokiona mimi.

Baada ya hapo ndipo mzee mmoja jirani, ambaye naye ni mstaafu wa reli, aliuliza swali ambalo mimi nilipaswa kuliuliza tangu alfajiri: "Njiani mmeangalia?" Bodaboda wawili wakafuata reli kuelekea upande wa Tunduma. Walimkuta amekaa juu ya kalavati, kiatu kimoja hakipo, soksi imechanika, kidole gumba kinavuja damu. Kina mama waliokuwa wakienda shamba walikuwa wamemfunika khanga. Alikuwa anamsalimia kila anayepita, "Ugonile." Walipomuuliza anafanya nini alisema anakagua njia. Na bangili yenu ilikuwa mkononi mwake inawakawaka taa ya kijani, betri zaidi ya nusu.

Nilipoandika malalamiko mara ya kwanza mlinijibu kwa ujumbe wa mistari miwili kwamba "kifaa kilifanya kazi ipasavyo" na kwamba mteja anapaswa kuangalia muda wa taarifa. Nimekwenda kuutafuta huo muda. Unabonyeza kitone, unabonyeza tena alama ndogo pembeni, ndipo yanatokea maandishi ya Kiingereza, madogo, ya rangi ya kijivu. Kwa siku ile yalionyesha saa 4:12 usiku wa Ijumaa. Kwa maneno mengine, nilipokuwa naambiwa saa 11:20 alfajiri kuwa baba yupo nyumbani, habari hiyo ilikuwa na umri wa saa saba. Habari iliyolala usiku kucha mliivalisha kijani na kunipa kama ya sasa hivi.

Nimepeleka bangili kwa fundi wa simu wa hapa Mbeya, eneo la Mwanjelwa, anieleweshe. Alinieleza kwamba kifaa hupokea mawimbi ya satelaiti, kinapiga hesabu ya mahali kilipo, kisha hutuma hesabu hiyo kwa laini ya simu iliyomo ndani. Chini ya bati mawimbi ya satelaiti hupungua nguvu, hapo kifaa hukisia kwa mnara wa simu ulio karibu, na kisio hilo linaweza kukosea hata kwa kilomita. Hayo yote ni maumbile ya kitu chenyewe, siwadai muyabadilishe. Lakini alipoikagua laini alikuta kifurushi chake kilikwisha usiku ule wa tarehe 11. Kifurushi hicho mnakiweka nyinyi, kutokana na ile 15,000 ninayolipa, na ya Julai niliilipa tarehe 3. Bangili ilikuwa hai, inajua ilipo, imefungwa mdomo. Na mfumo wenu, ulipoona kimya, haukuona haja ya kumwambia mtu yeyote.

Daktari wa baba aliniambia kwamba utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta zaidi ya wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa huu. Sasa hesabuni ni nyumba ngapi kuanzia Tunduma hadi Makambako zina mzee wa namna hiyo, na ngapi mtaziuzia bangili hii. Wenzangu hao hawajui kubonyeza alama ndogo pembeni.

Ninachokitaka kwenu, kwanza na zaidi ya pesa, ni kwamba programu iseme ukweli. Kama taarifa ina zaidi ya nusu saa, kitone kisiwe cha kijani na maneno "Yupo nyumbani" yaondoke. Yaandikwe "Alionekana mara ya mwisho", na saa, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu anazisoma gizani mikono ikitetemeka. Kifaa kikinyamaza, nitumiwe ujumbe wa kawaida wa simu, saa yoyote ya usiku. Nitaamka. Kifurushi cha laini kisikatike kwa mteja aliyelipa. Na pawe na namba inayopokelewa usiku na alfajiri, kwa sababu wagonjwa hawa hutoka saa hizo, na asubuhi saa 3 mtu anaweza kuwa ameshakufa kwa baridi.

Kuhusu pesa, nadai mnirudishie ada ya Julai, na gharama za kumtibu baba mguu pamoja na mafuta ya bodaboda waliomtafuta, jumla shilingi 64,000, risiti nimeambatanisha. Vilevile naomba kumbukumbu kamili za mahali alipokuwa baba kwa tarehe 11 na 12 Julai. Wakala wenu aliniambia hizo ni siri ya kampuni. Ni taarifa za baba, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki ya kuzipata.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maana nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani na TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Tangu itoke kwa fundi, bangili ameivaa tena. Nilijaribu kuivua akakataa, anasema bila saa atachelewa zamu. Kwa hiyo nimemwekea kengele mlangoni na nimewapa bodaboda namba yangu. Naomba kifurushi cha laini kiwekwe leo, msisubiri uamuzi wa mambo mengine. Mchana niko sokoni na simu sisikii vizuri. Nipigieni baada ya saa 12 jioni.

Wenu,
Mteja wenu wa Iyunga, binti wa mzee

Viambatanisho: ujumbe wa malipo ya Februari hadi Julai, picha tatu za programu za tarehe 12 Julai, risiti nne.