Mmemwonea Livy

Ndugu Mhariri,

Nawasoma tangu gazeti lenu likiwa na kurasa nane, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Makala ya Jumapili kuhusu wanahistoria wa Roma imenishinda kuvumilia. Ati Livy na Tacitus waliharibiwa na washairi, kwa hiyo tuwasome kama ngano!

Bwana yule hata dibaji ya Livy hakuifungua. Angeifungua angemkuta mzee mwenyewe akisema kwamba habari za kabla ya mji kujengwa zinafaa ngano za washairi kuliko kumbukumbu za kuaminika, naye hathibitishi wala hakanushi. Mwongo gani huyo anayekuonya mlangoni? Maneno ya kwanza ya dibaji hiyo yenyewe yanakwenda kwa mizani ya utenzi. Quintilian, mwalimu wa ufasaha, alilibaini hilo tangu karne ya kwanza, na ndiye aliyeiita historia jirani wa ushairi, shairi lililofunguliwa mizani. Ingekuwaje vinginevyo? Waroma walitungiwa historia yao kwa tenzi za Kilatini kabla mwanasiasa wao Cato hajaiandika kwa nathari ya lugha hiyo. Mshairi Naevius, aliyepigana vita vya kwanza na Karthago, dola hasimu ya Afrika Kaskazini, alivitungia utenzi. Mshairi Ennius akafuata na Annales, utenzi wa historia ya Roma, vitabu 18. Livy anapomsifu Fabius, jemadari aliyeiokoa Roma kwa kumkwepakwepa Hannibal, jemadari wa Karthago, anachukua mstari wa Ennius karibu neno kwa neno, na jina la mwenyewe analitaja. Naye Tacitus anapoeleza jeshi la Germanicus, jemadari wa Roma, likifika mwaka 15 baada ya Kristo mahali alipoangamia jemadari mwenzake Varus na majeshi yake mikononi mwa Wajerumani, mifupa imetapakaa myeupe uwandani, hiyo ni sauti ya mshairi Virgil, sibishi. Lakini kule Kalkriese, Ujerumani, ambako wataalamu wengi wanapahusisha na maangamizi hayo, wachimbaji wamefukua mashimo ya mifupa iliyokaa wazi miaka kadhaa kabla ya kuzikwa. Neno la kuazima. Na mifupa je?

Jambo hili lina kidonda changu. Mwaka 1991, chuoni, niliandika insha juu ya Ennius. Mhadhiri wa historia akairudisha na wino mwekundu: "Peleka fasihi." Nikapeleka. Fasihi wakasema ni historia. Nilipanda na kushuka ngazi zile kama mtu anayetafuta hati ya kiwanja, mpaka muda wa kukusanya ukapita, nikala sifuri.

Ila nawashangaa bure. Si ninyi mlioufuta ukurasa wa mashairi, malenga walikokuwa wakijibizana wiki hadi wiki, mkaweka mikeka ya kubeti? Leo nafungua gazeti nakuta timu za Belarus.

Ombi langu ni dogo. Mwandishi wenu apewe kitabu cha kwanza cha Livy, sura ya 29, Alba Longa, mji jirani wa Roma, inapobomolewa na watu wamesimama vizingitini hawajui wabebe nini. Aisome kwa sauti kwenye kikao chenu cha asubuhi, kabla ya chai. Asipotikisika, mhamishieni kwenye mikeka.

Mwalimu mstaafu,
Tanga