Barua kwa binamu aliyeniambia mbwa ni mbweha

Binamu yangu,

Juzi kwenye ubishi wetu wa mbwa ulinishinda kwa sauti, si kwa hoja. Nilinyamaza kwa kuwa watu walishaanza kucheka. Sasa nakujibu kwa maandishi, na humu huwezi kunikatiza.

Ulisema mbwa ni mbweha aliyezoea watu. Usione haya. Hata Konrad Lorenz, bingwa wa tabia za wanyama aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliwahi kuandika kwamba mbwa wengi wametokana na mbweha, kisha akaifuta kauli yake. Jeni zimeshakata shauri hilo: mbwa wote, yule wa kubebwa kwapani na yule mkubwa kama ndama, ni uzao wa mbwa mwitu wa kijivu.

Hapo lugha yetu inatuponza kidogo. Jina “mbwa mwitu” tumewapa wanyama wawili. Yupo wa Afrika, mwenye mabaka na masikio ya mviringo, ambaye mguu wake wa mbele una vidole vinne badala ya vitano vya mbwa. Huyo hahusiki. Anayehusika ni yule wa kijivu wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, na hata huyu tunayemwona leo ni ndugu wa babu tu, maana kundi lenyewe lililozaa mbwa limeshatoweka.

Ukaongeza kwamba mwindaji mmoja aliiba watoto wa mbwa mwitu, akawalea, basi mbwa wakapatikana. Ingekuwa rahisi hivyo! Watafiti wa Budapest, Hungaria, waliwahi kuwalea watoto wa mbwa mwitu mikononi mwao tangu wakiwa na siku chache tu. Walipokua wakawekewa nyama mahali pasipofikika. Mbwa akishindwa humgeukia mtu na kumtazama usoni, kama anayesema “nisaidie”. Wale mbwa mwitu waliendelea kuhangaika wenyewe, mtu walimwangalia kwa nadra tu. Malezi yaliwazoesha, hayakuwageuza mbwa.

Kinachogeuza ni uzazi. Mwaka 1959 huko Novosibirsk, Urusi, mwanasayansi Dmitri Belyaev alianza kuzalisha mbweha wa rangi ya fedha (si mbweha wako wewe, hawa ni wale wa nchi za baridi, jina ndilo lile lile, lugha imetuponza tena). Kila kizazi alichagua wachache waliokuwa wapole zaidi kwa binadamu, basi. Havikupita vizazi kumi, wakapatikana waliotikisa mkia na kulamba mikono ya walezi. Mimi naamini mbwa mwitu walianza kujichagua wenyewe: mwoga alikimbia kambi za wawindaji, mkali aliuawa, na yule mtulivu aliyevumilia harufu ya watu akaambulia mabaki, akazaa. Wapo wataalamu wasiokubaliana na hili, najua utawatafuta.

Nimeliacha la mwisho makusudi. Ulisema watu walimtaka mbwa awalindie mbuzi. Mbuzi gani, binamu? Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walikuta kaburi la mwanamume na mwanamke, na mifupa ya mbwa pamoja nao. Lina umri wa miaka kama 14,000. Wakati huo hakuna aliyefuga mbuzi wala kupanda nafaka popote duniani. Mbwa huyo alikufa akiwa na miezi kama saba, na meno yake yana alama za ugonjwa mkali, wa aina inayoua watoto wa mbwa haraka wasipohudumiwa. Yeye aliishi na ugonjwa huo wiki kadhaa. Maana yake kuna mtu aliyekuwa akimnywesha maji, akimsafisha matapishi na kumpa joto, katika baridi ya zama za barafu.

Sasa nijibu wewe: mgonjwa yule alikuwa akilinda nini?

Ni mimi, binamu yako.