Barua ya wazi: Glasi ya maji haiikamati Sudan IV

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Viwango vya Chakula

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Sisi wakemia wa maabara za chakula tuna ombi moja kubwa: kipimo cha glasi ya maji, kinachohukumu bidhaa kwa kuangalia kama maji yanageuka mekundu, kiondolewe kwenye ukaguzi wa pilipili ya unga na mafuta ya mawese. Hakiikamati Sudan IV, rangi ya viwandani isiyofaa kwenye chakula, na bidhaa yenye sumu hutoka hapo ikiwa imepewa kibali.

Sudan IV (C24H20N4O) ni unga mwekundu uliokolea wenye vifungo viwili vya azo, kila kimoja kikiwa ni nitrojeni mbili zilizoshikana. Haina sulfonati (kundi la atomi za salfa na oksijeni linalopenda maji) ya kuivuta kwenye maji, kwa hiyo huyeyuka kwenye mafuta na nta. Kazi zake halali ziko huko huko: kutia rangi mafuta ya mitambo, nta na dawa ya viatu, na kuonyesha chembe za mafuta chini ya hadubini. Mkaguzi akiinyunyiza pilipili iliyotiwa Sudan kwenye maji, maji hayageuki mekundu. Pilipili safi hufanya vivyo hivyo, maana kapsanthini, wekundu wake wa asili, nayo huyeyuka kwenye mafuta. Ziweke glasi hizo mbili sambamba, hutajua ipi ni ipi. Kinachonaswa ni rangi za majini kama Allura Red, ambayo nchi nyingi huiruhusu katika baadhi ya vyakula kwa masharti.

Allura Red nayo ni ya azo, kwa hiyo tusiishie kwenye jina la kundi. Mwilini, bakteria wa utumbo hukata kifungo cha azo. Vipande vya Allura Red hubeba sulfonati na havipenyi mwilini kwa urahisi. Sudan IV hukatwa tumboni na kwenye ini pia, na miongoni mwa vipande vyake ni otho-toluidini, ambayo Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeiweka Kundi la 1 kwa kusababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Wauzaji hupenda kutaja kwamba Sudan IV yenyewe iko Kundi la 3. Maana ya kundi hilo ni kwamba ushahidi haujatosha kuiainisha. Halisemi kwamba ni salama.

Madhara ya uzembe yameshaonekana. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani bidhaa zaidi ya 400, kwa sababu pilipili yenye Sudan I, rangi ya jamii moja na Sudan IV, iliingia kwenye sosi, na sosi hiyo ikatumika kutengenezea vyakula vingine.

Kipimo cha kweli hakina maajabu. Chota kutoka magunia kadhaa, juu, katikati na chini, kwa kuwa rangi haisambai sawasawa, changanya vizuri. Gramu 5 zitikiswe ndani ya mililita 50 za asetonitrili (kiyeyusho cha maabara), zichujwe kwa chujio la mikromita 0.45, kisha zipite kwenye kolamu ya C18, yaani bomba la kutenganisha rangi ndani ya mashine ya kromatografia. Sudan I isomwe kwenye mwanga wa urefu wa wimbi karibu na nanomita 478, Sudan IV karibu na 520. Tunapendekeza bidhaa izuiwe ikifikia miligramu 0.5 kwa kilo. Kwa uwiano huo, kimiminika kitakuwa na miligramu 0.05 kwa lita, kiasi ambacho mashine nzuri inakiona. Mawese yasafishwe kwanza kwa silika, la sivyo mafuta yataichafua kolamu.

Kosa linalotusumbua zaidi ni la mwanga. Chupa zikiachwa dirishani, sehemu ya molekuli za Sudan IV hubadili umbo na mashine huonyesha vilele viwili kwenye grafu yake badala ya kimoja. Mpimaji akihesabu kimoja tu, kiwango hushuka kwenye karatasi huku sumu ikiwa ile ile. Chupa ziwe za kahawia tangu uchujaji.

Ofisi zisizo na mashine zipewe sahani za silika, ambazo kiyeyusho hupanda juu yake na kutenganisha rangi: rangi za pilipili hutawanyika katika mistari kadhaa, Sudan husimama kama doa moja sawa na lile la sampuli ya kulinganishia. Doa hilo litoshe kuzuia mzigo kwa muda, na jibu la mwisho litoke maabara.

Mwisho, kila kopo la rangi ya viwandani liandikwe namba yake ya Colour Index, orodha ya kimataifa ya rangi: Sudan I ni 12055, Sudan IV ni 26105. Rangi hii hii ya pili huuzwa pia kwa majina ya Scarlet R na Solvent Red 24, na ofisa wa forodha anayetafuta neno “Sudan” peke yake ataipitisha.

Wako katika kazi,
Wakemia wa maabara za chakula